Kutalii Cyangugu kwa Kiswahili: Historia, Muziki na Maneno Yanayoteleza

Kila mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, wanafunzi hutuuliza swali lilelile: ziara ya mafunzo iwe wapi? Jibu la haraka huwa Zanzibar, Lamu au Mombasa, na si jibu baya. Katika makala haya tunapenda kupendekeza mahali ambapo wengi hawapafikirii, yaani Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda, pale ambapo Mto Rusizi unatoka katika Ziwa Kivu na kuanza safari yake kwenda Tanganyika. Ni mahali penye historia nzito, muziki wa aina nyingi na Kiswahili kinachosemwa kila siku na watu ambao hawajawahi kukisoma darasani.

Mgeni anaweza kuiona Cyangugu kwa lugha yoyote anayoijua. Lakini kuieleza kwa Kiswahili, papo hapo, mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, ni mtihani wa namna yake. Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu, na ndugu hawa wana maneno mengi yanayofanana sura lakini yasiyolingana maana. Mwongoza watalii akilidaka neno la karibu kwa sababu tu linasikika vizuri, historia inageuka mikononi mwake. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watakaoieleza nchi hii kwa majirani kwa Kiswahili ni wanafunzi tunaowafundisha sasa.

Kabla ya kufika huko, tutupe jicho mbali kidogo. Wako watalii wengi wanaokwenda Ayalandi kila mwaka kwa ajili ya historia, muziki na utamaduni. Huonyeshwa ngome na makanisa ya kale, hukaa jioni wakisikiliza fidla na filimbi, na huona kinubi kwenye sarafu, kwa kuwa kinubi ndiyo nembo ya nchi ile. Kinachotuvutia sisi walimu ni kwamba Waayalandi wameitia lugha ndani ya utalii. Katika maeneo yanayoitwa Gaeltacht, ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, wanafunzi hupelekwa wakati wa kiangazi wakakae na familia, wajifunze lugha, nyimbo na dansi kwa pamoja. Kiayalandi ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza kwa katiba ya mwaka 1937, na kimekuwa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya tangu 2007. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wananchi hupitisha siku zao kwa Kiingereza. Huko sheria imetangulia na matumizi yanaisindikiza kwa mbali. Cyangugu mambo yamekwenda kinyume: Kiswahili kilikuwa sokoni miaka mingi kabla sheria haijakitambua.

Hata suala la majina linafanana. Mwaka 2005 serikali ya Ayalandi iliamua kwamba mji wa Dingle, ulio ndani ya Gaeltacht, utambuliwe kwa jina la Kiayalandi tu, An Daingean. Wenyeji wanaoishi kwa utalii wakalalamika, wakapiga kura mwaka 2006, na mwaka 2011 jina la Dingle likarudishwa kisheria, safari hii likiambatana na jina la Kiayalandi. Huku kwetu, mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliifuta mikoa ya zamani ya Rwanda, Cyangugu ikiwamo, na eneo lake kubwa likagawanywa kuwa wilaya za Rusizi na Nyamasheke katika Mkoa wa Magharibi. Kwenye karatasi ni Rusizi. Kituoni mwa mabasi Kigali utasikia Cyangugu, na pia Kamembe, ambao ni mji wa biashara ulioko juu kilimani, wakati Cyangugu yenyewe, kwa maana finyu, ni kitongoji cha chini kando ya ziwa na daraja. Wazee na wanahistoria wanalo jina la tatu, Kinyaga, ambalo ndilo jina la kale la nchi hiyo ya pembeni mwa ufalme. Anayetaka kuisoma Kinyaga kwa undani aanze na kitabu cha Catharine Newbury, *The Cohesion of Oppression*, kilichotoka mwaka 1988.

Safari ya basi kutoka Kigali kupitia Huye huchukua saa tano au sita, na kwa saa moja au zaidi njia hupita ndani ya msitu wa Nyungwe. Hapo abiria wengi hulala. Wasilale. Msitu huo una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, una aina 13 za jamii ya nyani na kima wakiwamo sokwe, na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Juu ya mgongo wake mvua inagawanyika: ya upande mmoja huenda Nile, ya upande wa pili huenda Kongo. Mwalimu wa fasihi hahitaji kuambiwa afanye nini na jambo kama hilo.

Tukifika Kamembe, la kwanza ni kusikiliza. Kiswahili cha hapa ni cha mpakani na kinafanana sana na kile cha Bukavu, ng'ambo ya mto. Mtoto ni *mutoto*, na akiwa mdogo ni *katoto*. Watu ni *batu* au *bantu*. Fedha ni *franga*. Mtu haendi sokoni, anaenda *ku soko*. Akishukuru anasema *aksanti*. Na kineno *njo* kinatumika kusisitiza, karibu na "ndiyo" au "ndivyo" vyetu. Mwanafunzi aliyetoka pwani hukimbilia kusahihisha. Tunamwomba afunge mdomo na kufungua daftari. Viambishi *mu-*, *ba-* na *ka-* alivyovisikia ni mofolojia kamili ya Kibantu inayofuata kanuni zake, na baadhi ya sura hizo ziko karibu zaidi na lugha jirani kuliko Kiswahili sanifu kilivyo. Mama anayeuza samaki kwa Kiswahili hicho anaelewana na wateja wa nchi mbili, na jioni hesabu yake imekamilika. Sisi tunaomfundisha mwanafunzi miaka mitatu tungependa naye afike hapo.

Ni vizuri pia wanafunzi wajue kwa nini lugha hii haikupewa heshima kwa muda mrefu. Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na misafara ya biashara, wapagazi, askari na makarani wa utawala wa Kijerumani, ambao ulikitumia katika koloni lake lote la Afrika Mashariki. Wabelgiji walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, elimu na utawala vilielekezwa katika Kinyarwanda na Kifaransa, na Kiswahili kikabaki cha kambi za jeshi, masoko na mitaa ya Waislamu mijini. Ndiyo maana katika Kinyarwanda neno *umuswahili* lilifika mahali likamaanisha mtu wa mjini, mjanja, wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Wakati huohuo Wanyarwanda walikuwa wameshajaza nyumba zao maneno ya Kiswahili: *idirishya*, *isahani*, *iduka*, *isoko*, *igitabo*. Mzee anayeheshimiwa huitwa *muzehe*. Lugha iliyodharauliwa ilikuwa imeingia ndani hadi kwenye kabati la vyombo.

Sasa tuje kwenye maneno yanayoteleza. Tuanze na uwanja wa michezo wa Kamembe, unaoitwa Kamarampaka. Tuko mji wa mpakani, na sikio la Mswahili linasikia "mpaka" papo hapo. Hivyo mwongozaji asiye makini atawaeleza wageni kwamba uwanja umepewa jina la mpaka wa Kongo, na wageni watatikisa vichwa kwa kuridhika. Sivyo. *Impaka* kwa Kinyarwanda ni mabishano, na *kumara* ni kumaliza. Kamarampaka ni kitu kinachomaliza ubishi, na ndilo neno la Kinyarwanda kwa kura ya maoni. Linakumbusha hasa kura ya Septemba 1961 iliyouondoa ufalme. Na mpaka, ule wa nchi na nchi, Wanyarwanda wanauitaje? *Umupaka*, neno walilolichukua kutoka kwetu. Maneno haya mawili yametenganishwa na irabu chache tu.

Uwanja huohuo una historia nyingine, ambayo haiwezi kurukwa. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa hapo wakawekwa chini ya ulinzi, na baadhi yao walitolewa wakaenda kuuawa. Waliobaki walipelekwa mwezi Mei katika kambi ya Nyarushishi. Katika parokia za Mibirizi, Shangi na Nyamasheke waliojificha waliuawa pia. Mwishoni mwa Juni wanajeshi wa Ufaransa waliingia kupitia Bukavu katika operesheni iliyoitwa Turquoise, iliyodumu hadi Agosti, na wakati huo umati mkubwa wa Wanyarwanda ulivuka mto kwenda Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliendesha kesi iliyojulikana kwa jina la Cyangugu na kutoa hukumu Februari 2004.

Hapa uchaguzi wa neno unahitaji uangalifu wa hali ya juu. Magazeti ya Kiswahili hutumia "mauaji ya halaiki" na "mauaji ya kimbari" kana kwamba ni kitu kimoja. Halaiki ni umati, kundi kubwa la watu. Mauaji ya halaiki yanaeleza wingi wa waliouawa basi. Mbari ni ukoo, jamaa ya asili moja. Mauaji ya kimbari yanaeleza kwamba watu walilengwa kwa sababu ya asili yao. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Jina linalotumika rasmi ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na tangu Januari 2018 Umoja wa Mataifa nao unawataja Watutsi katika jina la siku ya kumbukumbu, tarehe 7 Aprili. Tusiseme "vita vya kikabila" wala "machafuko ya 1994", hata tukiwa na haraka. Kumbukumbu zenyewe huitwa *Kwibuka*, yaani kukumbuka. Tumeona mahali neno hilo limeandikwa "kuibuka", ambalo kwa Kiswahili ni kutokeza juu ya maji. Liachwe kama lilivyo. Na kwa upande wa mwenendo, tunashauri eneo la ukumbusho litembelewe asubuhi, kwa ruhusa, bila kamera, na lisibanwe katikati ya chakula cha mchana na safari ya boti.

Kwa historia ya zamani zaidi twende Shangi, ambayo sasa iko Nyamasheke, kando ya ziwa. Huku jina la Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, halikwepeki. Ni yeye aliyepigana vita vingi upande huu, akakiteka kisiwa cha Idjwi na kuitia Kinyaga mkononi mwa makao ya kifalme kuliko watangulizi wake. Mwenyeji atakuambia kwa Kinyarwanda kwamba jambo fulani lilitokea *ku ngoma ya Rwabugiri*. Mwanafunzi wetu mmoja wa mazoezi ya tafsiri aliandika "kwenye ngoma ya Rwabugiri", na msomaji wa Tanga angedhani mwami alikuwa anachezesha watu. *Ingoma* ni ngoma kweli, ile ya kupigwa, lakini vilevile ni utawala, enzi, ufalme. Ngoma kuu ya kifalme, Karinga, ilikuwa ndiyo alama ya dola yenyewe, kwa hiyo maana hizi mbili kwa Mnyarwanda haziko mbali. Kwetu pwani ngoma imekwenda njia nyingine: ni chombo, ni mchezo, ni sherehe. Tafsiri sahihi ni "enzi za Rwabugiri" au "wakati wa utawala wa Rwabugiri", kisha mwongozaji aeleze kwa nini Kinyarwanda kinatumia ngoma. Maelezo hayo huwafurahisha wageni kuliko tarehe kumi.

Na neno *mwami* je? Tunalibakiza. "Mfalme" si kosa, ila Kiswahili cha Kivu chote kinasema mwami, na mgeni atalikuta tena akivuka kwenda Bushi.

Mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya kifo cha Rwabugiri, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipiga kambi Shangi. Jeshi lililotumwa kukifukuza lilikutana na bunduki, likashindwa, na kiongozi wake Bisangwa akauawa. Wajerumani walifuata, nao wakaweka kituo hapohapo. Mjerumani mwingine, Richard Kandt, daktari aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alijenga makazi karibu na hapo akayaita Bergfrieden. Baadaye, mwaka 1907, ndiye aliyeianzisha Kigali. Kwa miaka kadhaa Wajerumani na Wabelgiji walibishania ziwa na mto, mpaka mkataba wa mwaka 1910 ulipoweka mstari: Rusizi ukawa mpaka, na Idjwi ikaenda upande wa Kongo. Watu wa visiwani waliokuwa wakipiga kafi kwenda kusalimiana na jamaa zao wakajikuta wanasafiri nje ya nchi.

Kuhusu mto huo kuna kisa ambacho wanafunzi hukipenda. Wazungu wa karne ya 19 walibishana kama Rusizi unaingia Tanganyika au unatoka, kwa kuwa kama ungekuwa unatoka basi huenda ndio ungekuwa mwanzo wa Nile. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa kwenda kuangalia, wakakuta maji yanaingia. Mtu yeyote wa Kinyaga angeweza kuwaambia, kwa sababu aliyaona yakitoka Kivu.

Daraja la kuelekea Bukavu lingekuwa sehemu ya kawaida ya ziara, lakini hali ya usalama inatawala. Bukavu ilitwaliwa na kundi la M23 Februari 2025, na Burundi, ambayo inapakana na Rusizi upande wa kusini, ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kiongozi wa msafara aulize kwanza, na asiwaahidi wanafunzi chochote. Ziara ina mambo ya kutosha upande huu wa mto.

Muziki ndio utakaochukua muda mrefu zaidi, na tungeshauri upewe siku nzima. Tuanze na *inanga*. Ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia lenye kina, juu yake uzi mmoja unapitishwa kwenda na kurudi mara nyingi hadi unakuwa nyuzi kadhaa. Mpigaji hukaa nayo mapajani akasimulia habari za wafalme, vita na ng'ombe. Ng'ambo, kwa Washi na Wahavu, ipo chini ya jina la *lulanga*, na Burundi kuna mtindo wa kuimba kwa kunong'ona ambao msikilizaji hausahau. Ubaya ni kwamba kwetu nanga ni chuma cha kusimamisha chombo majini, na ziara hii iko ziwani. Ukiwaambia wageni "jioni tutasikiliza nanga", watakutazama. Wengine hukwepa kwa kusema "kinubi" au "zeze". Kinubi kina nyuzi zilizosimama, kama kile cha kwenye sarafu ya Ayalandi. Zeze la kwetu ni chombo kingine kabisa. Msimamo wa idara yetu ni kwamba iitwe inanga, katika ngeli ya I-ZI, na ielezwe kwa sentensi mbili. Tumeshapokea gitaa na santuri, hatutashindwa na inanga.

*Intore* nao wana mtego wao. Wageni huambiwa ni "wacheza ngoma wa kienyeji", maneno yanayowavua kila kitu. Jina linatokana na *gutora*, kuchagua; ni wateule, vijana waliochaguliwa na kulelewa katika makao ya kifalme wakifundishwa vita, ufasaha wa kusema na kucheza. Mahali pa malezi hayo paliitwa *itorero*. Leo itorero ni kundi la utamaduni, na pia ni kanisa, hasa la Kiprotestanti. Mwanafunzi akisikia kwamba itorero limealikwa Jumamosi, aulize ni lipi kabla hajawatangazia wageni mavazi ya kuvaa. Desemba 2024 UNESCO iliiingiza Intore katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Lakini intore unaweza kuwaona hata Kigali. Kisichopatikana Kigali ni Nkombo. Kisiwa hiki kiko karibu na Kamembe na hufikiwa kwa boti. Wakazi wake wana lugha yao, *Amahavu*, inayokaribiana na Kihavu cha Idjwi na pia na Kimashi cha Bukavu, na wengi wao wanaongeza Kinyarwanda na Kiswahili juu yake. Ngoma yao, Saaruhinyuza, inajulikana Rwanda nzima kama ngoma ya Nkombo na haichezwi kama zile za bara. Hapa tunatumia "ngoma" kwa maana ya kwetu bila wasiwasi. Kwa mwanaisimu, mazungumzo ya nusu saa na mzee wa Nkombo yana faida kuliko mhadhara, kwa sababu atakuonyesha jinsi lugha tatu za Kibantu zinavyogawana kazi ndani ya nyumba moja. Ila aombwe kwa adabu, na asigeuzwe onyesho.

Kisha kuna nyimbo za wavuvi. Jioni mitumbwi hutoka mitatumitatu, imefungamanishwa kwa miti, na miti mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma kama pembe za panzi. Mwanafunzi wa pwani husema "ngalawa". Hapana, ngalawa ni mtumbwi mmoja wenye matengo. Wanaume hupiga kafi kwa mapigo mamoja, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia, na sauti inatembea juu ya maji mbali kuliko mtu anavyotarajia. Tusiseme "makasia", kwa kuwa kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, nalo kafi hushikwa mkononi. Usitegemee kuelewa kila neno. Sikiliza nani anatoa, nani anapokea, na wimbo unabadilika lini.

Wanachokwenda kuvua kwa taa usiku ni *sambaza*, samaki mdogo asiyezaliwa na ziwa hili. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako ni mmoja wa wale tuwaitao dagaa. Kwa Kiswahili sanifu sambaza ni kitenzi cha kuamuru, na mwanafunzi aliyeambiwa "sambaza, sambaza!" na mchuuzi wa Kamembe ana haki ya kuuliza asambaze nini. Wakikaangwa na kuliwa na ugali wa muhogo, swali hilo husahaulika.

Mengine tutayapitia kwa ufupi. Mibirizi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1903, imeipa jina lake aina moja ya kahawa, na vilima vyote vya hapa vimepandwa kahawa hadi karibu na maji. Bonde la Bugarama, kusini, lina mpunga, kiwanda cha saruji na joto lisilo la Rwanda. Karibu na hapo ndipo sehemu ya chini kuliko zote nchini, mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari. Kiswahili huko kinasikika sana, kwa kuwa ni kona ya nchi tatu.

Neno moja kwa wanafunzi wa Kinyarwanda watakaoongoza wageni. Kinyarwanda hakitenganishi *r* na *l* kama Kiswahili kinavyofanya, na wageni wenu watasikia tofauti hata kama ninyi hamuisikii. "Wageni watakula saa saba" ni habari njema. "Wageni watakura" haina maana yoyote, na "wageni watapiga kula" itawashangaza zaidi. Fanyeni mazoezi ya jozi kama *kura* na *kula*, *rudi* na *ludi* ambayo haipo, *mahali* na *mahari*. Hili la mwisho lisipuuzwe: kumwuliza mzee wa watu "mahari pako ni wapi?" kunaweza kufungua mazungumzo ambayo hukuyakusudia.

Kwa upande wa majira, Machi hadi Mei ni mvua kubwa, na wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo ya kitaifa, hivyo si wakati wa kutafuta ngoma. Uvuvi wa sambaza nao kwa kawaida husimamishwa kwa miezi miwili hivi, kuanzia Agosti, ili samaki wazaane. Kwa hiyo anayetaka nyimbo za wavuvi aende katikati ya Julai, na awe ufukweni kabla jua halijazama, kwa sababu mitumbwi ikishaondoka hairudi hadi alfajiri.